Walioikata Kamba Hawakuchorwa

Leo nimeandika ndefu, kwa hivyo kama uko kwa matatu na jam haisongi, hii ni yako.

Kuna picha moja iko Paris, kwa makumbusho ya Louvre. Hata kama hujui jina lake, pengine umeshaiona mahali, maana watu wa vikatuni na matangazo wameiiga mpaka wakachoka. Bahari imechafuka. Katikati kuna mbao zimefungwa kamba vibaya vibaya, na juu yake watu wamerundikana kama mizigo. Chini wamelala maiti. Mzee mmoja ameshika mwili wa kijana na hata haangalii wenzake, ameshakata tamaa kitambo. Halafu macho yako yanapanda pole pole: aliyelala, aliyepiga magoti, anayeinuka, anayenyoosha mkono, hadi juu kabisa ambapo mtu mmoja mweusi amesimama juu ya pipa akipunga kitambaa. Anapungia meli iliyo mbali sana, ndogo kama punje ya mchele.

Picha inaitwa Chelezo cha Medusa. Chelezo ni ile mbao za kuunganisha ambazo watu hutumia kuelea majini wakikosa boti. Aliyeichora ni Théodore Géricault, Mfaransa, na aliionyesha mara ya kwanza mwaka wa 1819. Ina karibu mita 5 kwenda juu na zaidi ya mita 7 kwa upana. Ukiileta kwa bedsitter yako haitapita hata mlangoni.

Watu wengi wakiielezea watakwambia ni picha ya matumaini. Wengine watakwambia ni picha ya mateso, ya binadamu kugeuka wanyama baharini. Wote wako sawa. Lakini nimekaa na hii hadithi wiki kadhaa, na kile kinanisumbua ni kitu ambacho hakiko ndani ya picha. Kitendo kibaya zaidi kwa hii stori yote kilichukua dakika chache, hakikumwaga hata tone la damu, na waliokifanya walifika nyumbani salama.

Wacha tuanze mwanzo.

KAZI NI KUJUANA

Mwaka ni 1816. Napoleon ameshapigwa Waterloo mwaka uliotangulia, na familia ya wafalme wa zamani, Bourbon, imerudi kwenye kiti Ufaransa. Sasa unajua vile mambo huenda serikali ikibadilika. Waliokuwa ndani wanatolewa, na waliokuwa nje wanarudi wakidai vyeo.

Mmoja wa waliorudi alikuwa Hugues Duroy de Chaumareys. Alikuwa mtu wa ukoo mkubwa, mwaminifu kwa mfalme, aliyetoroka nchi wakati wa mapinduzi. Alikuwa baharia zamani, lakini alikuwa amekaa zaidi ya miaka 20 bila kuongoza meli. Wakampa meli ya kivita inaitwa Méduse, yaani Medusa, na juu yake wakampa uongozi wa msafara mzima wa meli 4.

Mabaharia wenye uzoefu walikuwepo. Shida ni kwamba wengi wao walikuwa wamepigana chini ya Napoleon, kwa hivyo hawakuaminika. Sivi yao ilikuwa nzito lakini jina lilikuwa baya. Ya Chaumareys ilikuwa nyepesi lakini jina lilikuwa zuri. Sidhani nahitaji kueleza zaidi, sisi wote tumeshatuma maombi ya kazi.

Na msafara ulikuwa unaenda wapi? Afrika. Waingereza walikuwa wamechukua Saint-Louis na Gorée, kule Senegal, wakati wa vita. Mkataba wa amani ukasema zirudishiwe Wafaransa. Kwa hivyo ndani ya Medusa kulikuwa na gavana mpya wa Senegal, Julien-Désiré Schmaltz, na familia yake, na makarani, na wataalamu, na askari wa kwenda kulinda koloni. Watu karibu 400 kwa jumla. Soma hiyo tena: mataifa mawili ya Ulaya yanapeana miji ya Waafrika kama watu wanaorudishiana charger, na hakuna mtu wa Saint-Louis aliyeulizwa kitu.

FUNGU LA MCHANGA

Waliondoka Ufaransa Juni 1816. Gavana alikuwa na haraka ya kufika. Medusa ilikuwa na kasi kuliko zile zingine, kwa hivyo Chaumareys akaziacha nyuma. Halafu badala ya kusikiza maofisa wake, akamwamini abiria mmoja anaitwa Richefort aliyejiita mjuzi wa hizo pwani.

Karibu na pwani ya nchi tunayoiita leo Mauritania kuna eneo la Arguin. Pale mafungu ya mchanga yamejificha chini ya maji, yanaenda mbali sana kutoka ufukweni. Kila baharia wa wakati ule aliyejua kazi yake alijua unapita mbali nalo. Maofisa waliona maji yakibadilika rangi na kina kikipungua. Wakasema. Hawakusikizwa.

Tarehe 2 Julai, alasiri, Medusa ikapanda mchanga na kukwama. Na ilikwama wakati maji yamejaa, kumaanisha yakitoka hali itakuwa mbaya zaidi. Njia moja ya kuiokoa ilikuwa kupunguza uzito, watupe mizinga baharini. Nahodha akakataa. Mizinga ni mali ya mfalme. Binadamu watajipanga.

Boti za kuokolea zilikuwa 6, na hazingetosha watu wote. Ndipo wakaunda chelezo kwa milingoti na mbao za meli, kama mita 20 kwa 7. Mpango ulikuwa rahisi: boti zitafungwa kamba na kukivuta chelezo hadi ufukweni. Wote watafika pamoja. Waliahidiwa hivyo.

Tarehe 5 Julai wakaanza kushuka. Na hapa nataka uangalie nani alienda wapi. Gavana na familia yake: boti. Nahodha: boti, na aliondoka wakati bado kuna watu ndani ya meli yake. Maofisa wengi wakubwa: boti. Kwenye chelezo wakashushwa watu 147, wengi wao askari wa kawaida na mabaharia, na mwanamke mmoja tu kati yao. Wengine 17 walibaki ndani ya meli iliyokwama.

Kile chelezo kilikuwa kimelemewa mpaka watu walisimama wakiwa na maji hadi kiunoni. Chakula kilikuwa gunia moja la biskuti zilizolowa, na ziliisha siku hiyo hiyo. Mvinyo mapipa kadhaa. Maji ya kunywa mapipa 2. Hakuna usukani. Walipata dira ndogo, ikaponyoka katikati ya mbao na kupotelea baharini.

KAMBA

Boti zikaanza kuvuta. Chelezo kilikuwa kizito, mkondo wa maji una nguvu, na waliokuwa kwenye boti wakaanza kuogopa. Je, hawa watu wakijaribu kuingia kwetu?

Kamba ikaachiliwa. Boti moja, halafu nyingine, halafu ile ya mwisho.

Ni hivyo tu. Hakukuwa na vita. Hakuna aliyepiga kelele sana, maana mwanzoni wale wa kwenye chelezo hawakuamini. Walidhani kamba imekatika kwa bahati mbaya na boti zitageuka. Waliangalia zikienda hadi zikapotea. Sisi tunasema kuachwa kwa mataa. Hawa waliachwa kwa mataa katikati ya Atlantiki.

Boti za gavana na nahodha zilifika salama ndani ya siku chache. Boti zingine zilitua ufukweni na watu wakatembea jangwani kwa mateso makubwa kufika Saint-Louis. Na ile meli iliyokwama? Walipoirudia, na sababu kubwa ya kuirudia ilikuwa pesa zilizobaki ndani, zaidi ya siku 50 zilikuwa zimepita. Kati ya wale 17, walikuta 3 wakiwa hai.

SIKU 13

Sasa ndio tunafika ile sehemu ambayo kila mtu huisimulia.

Usiku wa kwanza karibu watu 20 walipotea. Wengine walisombwa na mawimbi, wengine miguu ilinaswa kwenye nafasi za mbao wakafa maji wakiwa wamesimama. Usiku wa pili vita vikaanza. Visu, mapanga, mashoka, meno. Watu wanatupana baharini gizani, mawimbi yanawapiga pande zote. Asubuhi karibu 60 walikuwa wameenda. Yale mapipa 2 ya maji yalitupwa baharini kwenye ile vurugu.

Baada ya siku chache za njaa, walio hai wakaanza kula nyama ya waliokufa. Sitaendelea hapo, mmeelewa.

Kulikuwa na yule mwanamke. Alikuwa ameyafuata majeshi ya Ufaransa miaka mingi akiwauzia askari vyakula na vinywaji. Jina lake halikuandikwa. Usiku wa vita alitupwa majini pamoja na mume wake, na mmoja wa abiria, mhandisi Alexandre Corréard, akajitosa akamtoa. Mume pia akaokolewa. Shangwe, si ndio? Siku chache baadaye walibaki watu 27. Wenye nguvu wakakaa kikao. Mvinyo umebaki kidogo, na 12 kati yetu ni wagonjwa na majeruhi ambao watakufa tu. Wakaamua kuwatupa baharini ili wengine 15 wapate mgao. Yule mwanamke na mume wake walikuwa kwenye hao 12.

Tarehe 17 Julai meli ya Argus, moja ya zile za msafara, ikawapata kwa bahati. Watu 15. Baadhi yao walikufa muda mfupi baada ya kuokolewa.

Sasa tulia hapa kidogo. Haya yote tunayajua kutoka kwa nani?

Tunayajua hasa kutoka kwa wawili: Corréard na daktari wa meli, Henri Savigny. Wote walikuwa upande wa maofisa. Upande huo ulikuwa na silaha na ulishikilia katikati ya chelezo, karibu na mlingoti, ambapo mawimbi hayakupiga sana. Askari wa kawaida walikuwa wengi zaidi pembeni, ambapo ukisinzia umeenda. Kwa maelezo ya hao wawili, askari walilewa mvinyo, wakapandwa na wazimu, wakaasi. Na kosa kubwa walilowasomea ni gani? Ati walitaka kukata kamba zilizoshikilia mbao za chelezo.

Buda. Kamba.

Labda ni kweli. Mtu mwenye kiu, jua, mvinyo na hofu anaweza fanya chochote. Sisemi Savigny na Corréard walidanganya, na baadaye utaona walikuwa na ujasiri wao. Lakini angalia vile hesabu imekaa. Askari wa chini anashukiwa kutaka kukata kamba, anauawa usiku huo huo, na hadithi yake inaandikwa na aliyemuua. Wakubwa wanaachilia kamba mchana kweupe, mbele ya macho 147, wanafika mjini wanaoga na kula. Yule wa kwanza anaitwa mwasi. Hawa wa pili wanaitwa wasimamizi wa koloni.

RIPOTI INAVUJA

Savigny alirudi Ufaransa akaandika ripoti kwa wizara. Ripoti ikavuja. Tarehe 13 Septemba 1816 gazeti la Journal des débats likaichapisha na Paris ikalipuka. Hakukuwa na simu wala hashtagi, lakini kila mtu alikuwa anaongea kitu kimoja: nani alimpa huyu nahodha hiyo kazi?

Serikali ilitaka mambo yanyamaze. Savigny na Corréard badala ya fidia walipata usumbufu. Wakaungana wakaandika kitabu kilichotoka 1817. Corréard baadaye akafungua duka la vitabu Paris akaliita jina la ajali ya Medusa, na likawa kijiwe cha watu waliopinga serikali. Yaani alichukua jeraha lake akaliweka juu ya mlango wa duka, ndio kila anayepita alisome.

Na Chaumareys? Mahakama ya kijeshi ilimpata na hatia mwaka wa 1817. Adhabu: miaka 3 gerezani. Zaidi ya watu 130 walikufa kwenye chelezo peke yake. Piga hesabu mwenyewe kila roho ilikuwa siku ngapi.

KIJANA MWENYE PESA NA NYWELE ZIMENYOLEWA

Géricault alikuwa na miaka 27 alipoingia kwa hii kazi. Hakuna mtu aliyemwagiza. Alikuwa na pesa za urithi, akakodi studio kubwa, akanyoa nywele zote ndio asishawishike kwenda kwa mapati, akajifungia. Alienda akatafuta Corréard na Savigny akawasikiliza. Akamtafuta fundi seremala aliyenusurika kwenye chelezo, akamwambia amjengee kidogo cha mfano. Alienda hospitali kuchora wagonjwa wanaokufa. Alichora vichwa na viungo vya maiti hadi studio ikanuka. Rafiki yake Eugène Delacroix, ambaye baadaye alikuja kuwa mchoraji mkubwa, alilala sakafuni akawa mmoja wa watu wa picha.

Kabla ya kuamua achore nini, alijaribu sehemu tofauti za stori. Alichora watu wakila nyama ya wenzao. Alichora chelezo kikiokolewa. Na alichora ile vita ya usiku: miili imeshikana, mikono iko juu na silaha, watu wananing'inia pembeni wakivutwa na bahari. Hiyo michoro bado ipo. Ni ya kutisha na imechorwa vizuri sana. Kama alitaka kuvutia macho, hiyo ndiyo ilikuwa picha. Vita huuza. Vimeuza tangu zamani na leo vinauza zaidi.

Akaiwacha.

Akachagua dakika moja ya siku ya mwisho: wakati Argus imeonekana kwa mbali kwa mara ya kwanza. Na sio dakika ya kuokolewa, usichanganyikiwe. Kwa maelezo ya walionusurika, Argus ilionekana, wakapunga, wakalia kwa furaha, halafu ikapotea. Wakarudi chini ya hema lao wakingoja kufa. Ni baada ya kama saa mbili ndipo ilirudi. Géricault amechora furaha ambayo dakika chache zijazo itavunjika. Hata tanga la chelezo, ukiangalia vizuri, limejazwa na upepo unaowavuta mbali na meli.

Na juu kabisa ya hao watu wote akamweka mtu mweusi. Kwenye orodha ya wale 15 waliookolewa kulikuwa na askari mweusi anaitwa Jean Charles, kwa hivyo mtu mweusi pale ni ukweli wa historia. Lakini kumweka kileleni, mgongo wenye nguvu, mwili wote wa picha ukipanda kuelekea kwake, huo ni uamuzi wa mchoraji. Aliyesimama studio kama kielelezo alikuwa kijana anaitwa Joseph, mzaliwa wa Saint-Domingue, ambayo ndiyo Haiti. Haiti, nchi ambayo watumwa waliishinda Ufaransa vitani na kutangaza uhuru mwaka wa 1804.

Elewa huo ni mwaka gani. Ni 1819. Biashara ya watumwa imepigwa marufuku kwenye karatasi, lakini meli za Wafaransa bado zinabeba watu kimagendo, na Senegal ni moja ya sehemu ambapo hiyo biashara inaendelea. Meli ilienda kuchukua koloni Afrika, na kwenye picha ya maangamizi yake, anayewaokoa Wazungu kwa kupunga kitambaa ni mtu mweusi. Uso wake hatuuoni. Anaangalia mbele, ametupa mgongo. Miaka michache baadaye Géricault alikuwa ameanza michoro ya picha kubwa kuhusu biashara ya watumwa yenyewe. Hakuimaliza. Alikufa Januari 1824 akiwa na miaka 32.

Louvre waliichukua Medusa baada ya yeye kufa. Alipoionyesha mara ya kwanza Paris, kwenye orodha rasmi ilipewa jina la baridi tu: Tukio la ajali ya meli. Kana kwamba meli ni yoyote. Kila mtu aliyeingia alijua ni gani.

PICHA INAPATA MIGUU

Paris watu waligawanyika, wengine wakasema ni rundo la maiti tu. Mwaka wa 1820 Géricault akaipeleka London, ikaonyeshwa kwa ukumbi unaitwa Egyptian Hall kwa kiingilio. Karibu watu 40,000 walienda kuiona.

Hapa ndipo kama mtu wa kontenti nilisimama nikapiga makofi. Picha ya mita 7 haisafiri. Ukiitoa ukutani ni kazi ya wanaume kumi. Kwa hivyo kwa ajili ya maonyesho ya London, yeye na rafiki yake Nicolas Charlet walitengeneza chapa ndogo ya ile picha, litografia. Unachora kwa wino wa mafuta juu ya jiwe laini, unalowesha jiwe maji, maji yanakataa pale penye mafuta, unapaka wino, unabana karatasi. Jiwe moja, nakala nyingi. Baadaye mchapaji Mwingereza, Samuel William Reynolds, akaichonga kwenye bamba na nakala zikazidi kuenea.

Hiyo ndiyo ilikuwa kushea ya wakati huo. Rangi zote zimeenda, imebaki nyeusi na nyeupe, bahari imekuwa mistari. Lakini mtu ambaye hangeweza kufika London wala Paris aliweza kuishika mkononi. Nahodha alitoka gerezani, serikali zikaanguka, mfalme akafa, na karatasi bado ziko.

SASA SISI

Mbona nawaambia hii stori na sisi tuko Nairobi na shida zetu?

Kwa sababu ya vile tunaangalia vita vya watu wa chini. Kila wiki kuna klipu. Watu wanasukumana kwa foleni ya maji. Watu wanakanyagana kwa mifuko ya unga iliyotupwa kutoka kwa lori. Wachuuzi wawili wanapigana juu ya nafasi ya meza moja. Tunaangalia, tunacheka, tunaandika komenti: hawa watu hawana ustaarabu. Hiyo klipu ni chelezo usiku wa pili. Inaanza wakati visu vimeshatoka. Hakuna anayerekodi zile dakika za asubuhi, wakati mtu mmoja ofisini, amevaa vizuri, ana chai mbele yake, anaachilia kamba.

Mimi niliacha kampasi mwaka wa pili juu ya karo. Ufadhili nilioambiwa uko ulikuja nusu, halafu haukuja. Sipo hapa kulia, maisha yanasonga. Lakini nimegundua swali ambalo watu huuliza kila mara ni moja: mbona hukuvumilia, mbona hukutafuta kibarua, wenzako si walimaliza? Wote wanataka kujua nilifanya nini nikiwa juu ya mbao. Hakuna hata mmoja ameshawahi kuuliza kuhusu kamba.

Na kuna kitu kigumu zaidi, nisikiwache. Ukishaachwa, bado una maamuzi. Kuna waliokuwa juu ya chelezo waliojitosa majini kumtoa mwanamke wasiyemjua. Ni chelezo hicho hicho, na baadhi ni watu hao hao, walioketi baadaye wakahesabu nani atupwe. Kuachwa hakukufanyi malaika. Kama wewe uko katikati karibu na mlingoti na una silaha, na mwenzako yuko pembeni anateleza, usimwite mwasi kwa sababu nyote mko na kiu. Nyote mliletwa hapo na mkono mmoja.

Ile bahari bado inafanya kazi yake. Hadi leo mitumbwi ya mbao inatoka Senegal na Mauritania ikielekea visiwa vya Canary, vijana wa umri wetu wamejaa ndani, wakipita maji yale yale ya karibu na Arguin. Wengine hawafiki. Safari hii Mwafrika ndiye anaenda Ulaya, na orodha za majina bado hazijaandikwa vizuri, kama vile yule mwanamke hakuandikwa.

Géricault angeweza kutupatia vita. Alikuwa navyo vimechorwa tayari, mezani. Aliamua watu waliotupwa wasikumbukwe wakiwa wanakatana, wakumbukwe wakiinuana. Ndio maana kwa ile picha kila mtu amemshika mwenzake: huyu anamsukuma yule juu, yule anamshikilia huyu mguu, hadi yule wa mwisho anafika urefu wa kuonekana kutoka mbali.

Ukikutana na klipu nyingine ya watu wakipigania kitu kidogo, kabla hujaandika komenti, tafuta boti ziko wapi. Kawaida hazijaenda mbali sana. Bado zinaonekana.

Nipe maoni hapa chini: wewe ungechora sehemu gani ya hii stori?